Saa Saba Usiku, Mwenye Nyumba Yuko Wapi?

Tarehe 31 Oktoba 2019, usiku ambao Wamarekani huadhimisha Halloween, nyumba ya vyumba vinne vya kulala katika mji mdogo wa Orinda, jimbo la California, ilikuwa imekodiwa kwa usiku mmoja kupitia Airbnb, kampuni ya kukodisha nyumba mtandaoni. Mwanamke aliyeikodi alimweleza mwenye nyumba kwamba anatafuta mahali pa kuwapumzisha jamaa zake, watu wapatao 12, ambao baadhi yao walikuwa na pumu na walitaka kuukimbia moshi wa moto wa nyika uliokuwa ukiliunguza jimbo hilo. Jamaa hao hawakuonekana. Tangazo la pati lilikuwa limeshasambaa mitandaoni, na watu zaidi ya 100 wakajazana ndani. Ilipokaribia saa tano usiku risasi zikalia. Watu watano walikufa.

Inafaa kuipitia habari ya usiku ule polepole, kwa sababu siyo habari ya watu wazembe. Mwenye nyumba alishuku tangu mwanzo: kwa nini mtu aitake nyumba nzima kwa usiku mmoja, tena usiku wa Halloween? Kabla ya kukubali alimkumbusha mgeni wake kuwa sherehe haziruhusiwi. Mji wa Orinda nao ulikuwa na kanuni. Nyumba ile haikuruhusiwa kulaza zaidi ya watu 13, na mapema mwaka huo huo mji ulikuwa umeshaichukulia hatua kwa kuvunja masharti. Usiku wenyewe majirani walipiga simu polisi kulalamikia kelele. Mwenye nyumba aliona kwa kamera ya mlangoni kwamba wageni wamezidi, akampigia mpangaji, kisha naye akawaita polisi. Polisi walikuwa njiani wakati milio ya bunduki iliposikika.

Kanuni zilikuwepo. Onyo lilitolewa, kamera ikaona, simu zikapigwa, askari wakaondoka kituoni. Aliyekosekana ni mtu mmoja tu: mtu wa kusimama mlangoni, mwenye mamlaka ya kumwambia mgeni wa 14 arudi alikotoka.

Hilo ndilo jambo ambalo serikali za Afrika Mashariki, kaunti, na wafanyabiashara wa nyumba za kukodi kwa siku wanapaswa kulitazama kabla ya kununua mitambo au kutunga marufuku mpya. Sherehe zisizo na ruhusa huzuiwa na mtu aliye karibu, anayejulikana kwa jina na namba ya simu, anayewajibika kwa kila anayeingia. Nyumba isiyo na mtu wa aina hiyo haifai kukodishwa kwa siku moja moja katikati ya makazi ya watu, hata iwe nzuri namna gani kwenye picha.

Airbnb yenyewe haikukaa kimya baada ya Orinda. Siku mbili baadaye, mkurugenzi wake mkuu, Brian Chesky, alitangaza kupiga vita nyumba zinazogeuzwa kumbi za pati. Januari 31 mwaka uliofuata watu watatu waliuawa kwa risasi katika ghorofa lililokodiwa kwa njia hiyo hiyo jijini Toronto. Kampuni ikaanza kuwazuia, kwanza nchini Kanada kisha Marekani, vijana wa chini ya miaka 25 wasio na sifa nzuri za kutosha kutoka kwa wenyeji waliotangulia, wasikodi nyumba nzima karibu na wanakoishi. Agosti 2020 ikapiga marufuku sherehe zote duniani kote na kuweka kikomo cha watu 16. Juni 2022 marufuku hiyo ikafanywa ya kudumu, na kampuni ikasema taarifa za sherehe zilikuwa zimepungua kwa asilimia 44 katika mwaka mmoja. Wageni zaidi ya 6,600 walisimamishwa mwaka 2021 kwa kujaribu kukiuka katazo hilo.

Hatua hizo zina maana, na haifai kuzibeza. Hata hivyo, Aprili 2022, katazo likiwa na karibu miaka miwili, vijana wawili wa miaka 17 waliuawa katika nyumba ya kukodi huko Pittsburgh, ambako inakadiriwa watu 200 walikuwa wamekusanyika, wengi wao wakiwa watoto wa shule. Usiku huo pia mwenye nyumba hakuwapo.

Miezi minne baada ya Pittsburgh kampuni ilileta chombo kipya Marekani na Kanada, baada ya kukijaribu Australia ambako ilisema matukio ya sherehe yalishuka kwa asilimia 35 pale kilipotumika. Chombo hicho hupima kila ombi la kukodi kabla halijamfikia mwenye nyumba. Huangalia mtu amekuwa mwanachama kwa muda gani, waliompokea zamani walimsifu vipi, anataka usiku mmoja au wiki, ni mwisho wa wiki au katikati, na anaishi umbali gani kutoka nyumba anayoitaka. Anayetaka nyumba kubwa ya kitongoji chake mwenyewe kwa usiku wa Jumamosi huzuiwa, au huelekezwa kwenye chumba ndani ya nyumba ambayo mwenye nyumba anaishi.

Kwa Marekani hesabu hiyo inaeleweka. Kwa Nairobi haifiki mbali.

Kijana wa Umoja au Ruaka anayetaka kusherehekea siku ya kuzaliwa mara nyingi haanzi kwenye programu ya Airbnb. Anaanza Instagram au TikTok, ambako ameona sebule yenye taa za rangi na runinga inayofunika nusu ya ukuta. Anatuma ujumbe wa WhatsApp, analipa kwa M-Pesa, anatumiwa ramani ya kufika na namba ya kufungulia kisanduku cha ufunguo. Nyumba nyingi zinazoitwa Airbnb jijini hazijawahi kuorodheshwa huko kabisa, au zimeorodheshwa lakini wateja wake wa mwisho wa wiki hupitia simu ya mwenye biashara ili kukwepa ada. Chombo kilichotengenezwa San Francisco hakiwezi kupima ombi ambalo halikupita kwake. Na hata lingepita, kigezo cha umbali kingekwama, kwa sababu mteja wa karibu ndiye uti wa biashara hii mjini: mchumba na mchumba wake, ndugu waliokuja harusini, mfanyakazi aliyechoka na foleni ya Thika Road. Ukimzuia kila mwenyeji wa Nairobi kulala Nairobi, umewafungia biashara watu waadilifu pamoja na wakorofi.

Kwa nini pati zihamie majumbani wakati jiji limejaa baa? Hesabu inajibu. Tuseme nyumba ya vyumba vitatu inakodishwa kwa shilingi 12,000 kwa usiku. Watu 30 wakichanga, kila mmoja anatoa 400, na anakuja na chupa yake aliyoinunua dukani kwa bei ya duka. Kwenye klabu fedha hiyo haimtoshi mtu vinywaji viwili. Tena klabuni kuna mlinzi anayekagua umri, kuna bei ya kuingia, kuna saa ya kufunga. Nyumbani hakuna.

Wakati wa korona ukaikomaza tabia hiyo. Kuanzia Machi 27, 2020 hadi Rais Uhuru Kenyatta alipoiondoa kafyu Oktoba 20, 2021, Wakenya walipitia zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa kulala kwa saa ya serikali. Baa zilifungwa kwa miezi, sherehe zikajificha nyuma ya mapazia, na polisi wakawa wanavamia nyumba na kukamata vijana. Wengi walijifunza kipindi hicho kwamba nyumba ya kukodi kwa siku ni ukumbi wa bei nafuu usiouliza maswali. Baadaye, Novemba 2022, serikali ya Gavana Johnson Sakaja ikafuta leseni za vilabu vya usiku katika maeneo ya makazi ya Nairobi, baada ya kilio cha muda mrefu cha wakazi waliokosa usingizi. Wakazi walikuwa na haki. Lakini jirani aliyeshangilia kufungwa kwa klabu ng'ambo ya barabara hakuhakikishiwa kwamba klabu ndogo haitafunguliwa ghorofa ya nne, juu ya kitanda chake.

Anayeteseka zaidi ni huyo jirani, na sauti yake ndiyo inayosikika kwa uchache. Mpangaji wa kawaida wa Kilimani au Roysambu, anayelipa kodi kila mwezi, hakuulizwa kama yuko tayari kuishi jirani na watu wapya kila Ijumaa. Lifti inanuka pombe asubuhi. Vioo vimevunjika ngazini. Mtoto ana mtihani Jumatatu na hajalala tangu juzi. Mama anayetoka zamu ya usiku anakuta kijana asiyemjua amelala mlangoni pake. Mambo haya hayafiki kwenye magazeti kwa sababu hakuna aliyekufa, ilhali ndiyo yanayomfanya mtu auhame mtaa aliouzoea kwa miaka.

Sheria ipo. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa Kenya mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinaweka kikomo cha desibeli 35 kwa maeneo ya makazi kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kiwango hicho kiko chini kabisa. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili mezani hukipita. Kwa hiyo hakuna pati yenye spika isiyovunja kanuni hizo baada ya chakula cha jioni. Kaunti nazo zimepewa na Katiba ya 2010 jukumu la kudhibiti kelele. Lakini mkazi aliyeamshwa saa saba usiku ampigie nani? Ofisi ya mazingira imefungwa. Kaunti haipokei. Polisi watauliza kama kuna aliyejeruhiwa. Msimamizi wa jengo amezima simu. Mwenye biashara ya nyumba yenyewe hajulikani. Huenda yuko Mombasa, huenda yuko Dubai, huenda ni mpangaji tu aliyekodi nyumba hiyo kwa mwezi na kuikodisha tena kwa siku bila mwenye jengo kujua.

Januari 2024 Kenya iliamka kwa huzuni. Ndani ya wiki mbili wanawake wawili waliuawa katika nyumba za kukodi kwa siku jijini Nairobi, mmoja South B, mwingine, mwanafunzi wa chuo kikuu, Roysambu. Tarehe 27 mwezi huo maelfu ya watu waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Mauaji hayo hayakuwa ya pati, na ni dhuluma kwa marehemu kuyachanganya na habari za muziki na pombe. Kinachounganisha mambo haya mawili ni swali la nani alijua ni nani aliyeingia. Wizara ya Utalii, wakati huo chini ya Waziri Alfred Mutua, iliwaagiza wote wanaokodisha nyumba za aina hii wajiandikishe kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, ambayo kisheria ilikuwa na madaraka hayo tangu Sheria ya Utalii ya 2011.

Kujiandikisha ni hatua njema. Lakini orodha iliyo kwenye kompyuta ya ofisi haizimi spika. Faida yake itaonekana tu pale kila nyumba iliyoandikishwa itakapokuwa na mtu mmoja aliyetajwa kuwa mwajibikaji, anayeweza kufika ndani ya nusu saa mchana au usiku, na namba yake ikawa imebandikwa getini, kwa msimamizi wa jengo na kwa majirani wa ghorofa ya juu, ya chini na ya ubavuni. Bila hayo, cheti cha serikali kitakuwa picha nyingine ya kupambia ukuta wa sebule.

Kisha kuna geti, ambalo wanaojadili suala hili hulipita haraka mno.

Karibu kila jengo la ghorofa Nairobi lina mlinzi na daftari. Mgeni huandika jina, namba ya kitambulisho, nyumba anayokwenda na saa aliyoingia. Ukilifungua daftari hilo siku ya Jumapili utakuta majina yasiyosomeka, namba za kitambulisho zenye tarakimu pungufu, na mahali pa sahihi mstari mmoja uliovutwa kwa haraka. Siyo uvivu wa mlinzi. Ameajiriwa na kampuni ya ulinzi, si na jengo; mshahara wake ni mdogo na zamu yake ni saa kumi na mbili. Gari likisimama na watu saba ndani, simu inalia: "Hao ni wageni wangu, wafungulie." Anafungua. Nusu saa baadaye linakuja la pili, kisha la tatu. Anajua kabisa kinachoendelea. Ameshaona maspika yakishushwa na kreti zikipandishwa. Lakini hakuna aliyemwambia nyumba ile inaruhusiwa watu wangapi, wala hakuna atakayemtetea akimzuia mgeni anayepiga kelele na kumtishia kazi yake. Akinyamaza, hakuna atakayemlaumu. Akizuia na ikawa amekosea, kesho yuko nje.

Mlinzi huyo ndiye mtu aliyekosekana Orinda. Miji yetu tayari inaye, analipwa, yuko macho saa saba usiku, na ana geti la chuma mkononi. Kilichobaki ni kumpa mamlaka. Majina ya watakaolala yamfikie kabla hawajawasili. Idadi ya juu ya kila nyumba iandikwe kwenye ukuta wa kibanda chake, kwa hati ya uongozi wa jengo, ili anaposema "nyumba hii ni ya watu sita na sita wameshaingia" awe anasoma agizo na si kubishana kwa niaba yake mwenyewe. Awe na namba ya mwajibikaji na ruhusa ya kumpigia saa yoyote. Na mgeni anayetukana mlinzi apoteze amana yake papo hapo. Kwa majengo ambayo wenye nyumba wana chama chao, Sheria ya Umiliki wa Vyumba ya 2020 inakipa chama hicho nguvu ya kutunga kanuni za ndani. Haya yote yanaweza kuandikwa humo bila kungoja Bunge.

Pwani imeliishi jambo hili kwa muda mrefu bila kulitungia sera. Nyumba za kukodi za Watamu, Malindi na Diani kwa miaka mingi zimekodishwa pamoja na watu wake: mpishi, mtunza bustani, mlinzi wa usiku. Mgeni anayefika Diani na familia yake hupokelewa na mpishi anayeuliza watakula samaki wa aina gani, na mpishi huyo huyo ndiye anayejua siku ya pili kama watu wanane wamegeuka thelathini. Hakuna kamera inayomshinda. Mwenye nyumba anaweza kuwa Nairobi au Milan, na bado nyumba ina macho. Uovu ulianza pale biashara ilipohamia kwenye vyumba vya ghorofani vilivyo na kisanduku cha ufunguo, na akaondolewa kila mtu ambaye mgeni angelazimika kumtazama usoni.

Ndiyo maana baadhi ya miji duniani imerudi kwenye masharti ya kuwepo kwa mwenyeji. Baraza la Orinda lilipiga marufuku ukodishaji wa nyumba ambazo mwenyewe haishi humo. New York, kwa sheria iliyoanza kutekelezwa Septemba 2023, inamtaka anayekodisha kwa muda chini ya siku 30 ajiandikishe, awepo nyumbani wakati wa ugeni, na asilaze zaidi ya wageni wawili. Barcelona imekwenda mbali zaidi: Meya Jaume Collboni alitangaza Juni 2024 kwamba leseni 10,101 za nyumba za watalii zitakuwa zimefutwa ifikapo Novemba 2028. New York na Barcelona zilisukumwa hasa na uhaba wa nyumba za kupanga, si kelele tu, na itakuwa kosa kuziiga nzimanzima. Nairobi au Zanzibar zikifanya kama Barcelona zitawanyang'anya riziki watu wengi waliochukua mkopo kununua makochi na majokofu. Lakini sharti la kuwepo mtu halihitaji kufunga biashara ya yeyote. Linahitaji mwenye biashara ya nyumba kumi amlipe mtu wa kuziangalia.

Kuna wanaosema teknolojia itatosha. Vifaa vidogo vya kupima kelele, kama vile vya kampuni ya Minut ya Sweden, huwekwa sebuleni na kupima ukubwa wa sauti bila kurekodi maneno, kisha hutuma ujumbe kwa mwenye nyumba kiwango kikizidi. Airbnb inaviruhusu vikitajwa wazi kwa mgeni na visipowekwa katika chumba cha kulala. Kamera ndani ya nyumba imezikataza kabisa tangu Aprili 30, 2024, na ilifanya vyema. Hakuna anayepaswa kupigwa picha akiwa amevaa khanga kuelekea bafuni. Vifaa vya kelele ni vya msaada. Hata hivyo ujumbe unaosema "kelele imezidi" unamfaa tu mtu anayeweza kuondoka na kwenda. Usiku ule Orinda mwenye nyumba alikuwa na taarifa zote alizohitaji, akakosa mtu wa kumtuma.

Tanzania ina desturi inayofaa kutajwa hapa. Anayetaka kufunga turubai mtaani na kupiga muziki wa harusi au unyago huanzia ofisi ya serikali ya mtaa, ambako hupewa kibali chenye tarehe na saa ya kumaliza. Kibali hicho huvunjwa mara nyingi, na vigodoro, zile ngoma za kukesha za Dar es Salaam na Pwani, vimepigwa marufuku na viongozi zaidi ya mara moja kwa sababu hiyo. Bado wazo lenyewe ni zuri. Sherehe ina mwenyewe anayejulikana, jirani ameambiwa mapema, na mara nyingi jirani huyo huyo ameletewa sahani ya pilau. Watu wa nchi hizi hawajawahi kuchukia sherehe ya jirani. Wanachochukia ni sherehe ya mtu wasiyemjua, katika nyumba isiyo na mwenyewe, ambayo hawakuambiwa na hawana wa kumwendea.

Nyumba za kukodi zinaweza kuingizwa katika utaratibu huo bila taabu. Familia inayotaka kufanya karamu ndogo ya mahafali iombe, itaje idadi, ikubali saa nne iwe mwisho wa muziki, ilipe amana inayouma, na majirani wajulishwe. Mwenye nyumba anayekubali kwa uwazi ni bora kuliko anayeandika "hakuna pati" kwenye tangazo, kisha akapandisha bei mara mbili Desemba 31 akijua vizuri wanaokuja wanakuja kufanya nini. Huyu wa pili yupo, tena wengi. Tangazo lenye picha za meza ya vinywaji, mashine ya moshi na spika ndefu kuliko mtoto linawaita wateja wa aina moja tu. Faini isiishie kwa vijana waliokamatwa ndani. Imfikie aliyewauzia usiku huo, na malalamiko ya tatu yaliyothibitishwa yamwondoe kwenye orodha ya waliosajiliwa. Na kwa mikesha ya Krismasi na Mwaka Mpya, nyumba nzima isikodishwe kwa usiku mmoja kwa mtu asiye na historia kwa mpangishaji huyo. Hasara ya usiku mmoja ni ndogo kuliko gharama ya kubadilisha milango.

Lipo pia pingamizi la haki, nalo ni zito. Mlinzi akipewa mamlaka, je, hatawazuia wanawake wasio na waume, vijana wenye rasta, Wasomali, Wakongo, yeyote asiyempendeza? Hatari hiyo ni ya kweli, na Airbnb yenyewe imelaumiwa kwa miaka kwa sababu ya wenyeji waliowakataa wageni kwa rangi yao. Kinga ni kumfunga mlinzi kwenye idadi na majina, basi. Aliye kwenye orodha anaingia, awe nani. Aliyezidi idadi haingii, awe mtoto wa nani. Sharti la umri wa miaka 25 lisiletwe huku kabisa. Katika nchi ambazo sehemu kubwa ya watu ni vijana, sharti hilo lingemwadhibu mwalimu wa miaka 23 kwa kosa la mhuni wa miaka 40.

Na vijana hao waende wapi? Swali hili huulizwa kwa hasira na wenye umri mkubwa, ilhali linastahili jibu. Vizazi vilivyotangulia vilikuwa na kumbi za umma. Ukumbi wa Arnautoglu jijini Dar es Salaam na ule wa Kaloleni jijini Nairobi zilijengwa enzi za ukoloni, na watu walicheza dansi humo Jumamosi hadi usiku, kukiwa na msimamizi, milango ya kutokea na saa ya kufunga. Miji imekua mara nyingi tangu wakati huo. Kumbi za kata hazikukua nayo, na nyingi zilizobaki hazina umeme wa uhakika wala choo kinachofaa. Kaunti ya Nairobi inakusanya fedha za leseni kutoka kwa biashara hizi za nyumba. Sehemu ya fedha hizo ikitumika kukarabati kumbi za mitaani na kuzikodisha kwa bei ambayo kundi la vijana 30 linaweza kuichanga, yaani zile zile shilingi 12,000 au pungufu yake, kijana wa Umoja atakuwa na mahali pa kukata keki siku yake ya kuzaliwa, pana kuliko sebule ya Roysambu, na pasipo na mtoto anayelala upande wa pili wa ukuta. Bajeti ya kaunti hujadiliwa hadharani kila mwaka kabla ya mwisho wa Juni, na mkazi yeyote anaruhusiwa kusimama na kulidai hilo.